Uzi maalumu: zana za mkono za zamani za Sears, Wards na Penney. Nani hasa alizitengeneza?

FundiWaChuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mtu anapoweka picha ya spana au randa ya zamani yenye jina Craftsman, swali ni lile lile: "Hii ni orijino?" Naomba leo tulimalize, kwa sababu swali lenyewe limeanzia pabaya. Craftsman haikuwahi kuwa kiwanda. Ni jina ambalo Sears, Roebuck and Co., duka kubwa la Chicago, Marekani, lilikuwa linaagiza lipigwe kwenye zana zilizofuliwa na viwanda vya watu wengine. Powr-Kraft ya Montgomery Ward ni hivyo hivyo, na Penncraft ya J.C. Penney pia, maduka mengine makubwa ya huko. Jina kubwa unalolisoma ni la muuzaji. Aliyefua chuma yupo kwenye herufi moja au mbili ndogo pembeni, na huyo ndiye wa kumtafuta.

Mimi nipo Ohio, kazi yangu ni matengenezo ya mitambo kiwandani. Huku mzee akifariki au akihamia nyumba ya wazee, watoto wanafungua gereji na kuuza kila kilichomo. Unakuta sanduku la chuma limejaa spana za miaka 60 iliyopita, na bei ya sanduku zima haifiki bei ya racheti moja mpya (ule mpini wa kuzungushia soketi) dukani. Wabongo wengi tunapita hapo tunakimbilia televisheni. Inaniuma, maana kwenye lile sanduku kuna zana ambazo fundi wa Gerezani pale Dar angezitumia hadi amrithishe mwanawe.

Nianze na historia kidogo, kwa sababu bila hiyo zile alama hazisomeki.

Aaron Montgomery Ward alianza Chicago mwaka 1872, akiwauzia wakulima bidhaa kwa barua. Mkulima wa vijijini alikuwa anamtegemea mwenye duka mmoja wa karibu, ambaye alipanga bei anavyotaka. Ward akaleta orodha iliyochapishwa, bei ikiwa wazi, na baada ya muda akaahidi kurudisha pesa kwa mteja asiyeridhika. Richard Sears alianza na saa za mfukoni mwaka 1886, na jina la Sears, Roebuck likaja 1893. Kilichowapaisha wote wawili ni posta. Mwaka 1896 serikali ilianza kupeleka barua hadi mlangoni kwa watu wa vijijini, na kuanzia 1 Januari 1913 posta ikaanza kubeba vifurushi. Hapo msumeno na keekee vikaanza kuwafikia watu mashambani kabisa.

Na msisahau kwamba Sears waliuza mpaka nyumba. Kati ya 1908 na 1940 waliuza takriban nyumba 70,000 za kujijengea. Mbao zilikuja kwa treni pamoja na ramani, misumari na rangi, nyingi mbao zake zikiwa zimeshakatwa kwa vipimo. Mwenye nyumba anajenga mwenyewe na ndugu zake. Mtu wa namna hiyo anahitaji nyundo, randa, msumeno na pima maji, na atavinunua kwa yule yule aliyemuuzia nyumba.

Halafu likaja gari. Sears walifungua duka lao la kwanza la rejareja mwaka 1925, pale pale Chicago, chini ya Robert E. Wood, mtu waliyempata kutoka Ward. Wood aliona kwamba mkulima mwenye gari hahitaji tena kungoja posta, anaendesha mwenyewe hadi dukani. Mwenye gari anahitaji spana. Mwaka 1927 Arthur Barrows, mkuu wa idara ya vifaa pale Sears, alilipenda jina Craftsman lililokuwa mali ya kampuni ndogo iitwayo Marion-Craftsman Tool Company, akalinunua kwa dola 500. Aliyemfuata, Tom Dunlap, ndiye aliyepandisha ubora: chuma bora, na kromu juu yake ili spana ya gari isishike kutu na ifutike mafuta kwa urahisi. Jina lake mwenyewe likaja kuwekwa kwenye zana za daraja la pili. Ukikuta Dunlap, ujue ni Sears huyo huyo, bei ya chini.

Kwa hiyo kwa Sears kulikuwa na ngazi. Craftsman juu, Dunlap chini yake, Fulton kwa zana za zamani zaidi, na miaka ya baadaye Companion au jina "Sears" tupu. Ward walikuwa na Lakeside, kisha Wards Master, kisha Powr-Kraft. Penney waliingia kwenye zana kwa kuchelewa na Penncraft. Western Auto, ambao kwa kweli walikuwa duka la vipuri vya magari, walikuwa na Wizard na Westcraft.

Nimeweka msingi. Karibuni maswali, na mwenye picha aweke.

---

MtotoWaGerezani

Mkuu, shukrani sana kwa uzi. Nina spana tatu alizoniachia bosi wangu, upande ringi upande mdomo. Zimeandikwa CRAFTSMAN, chini yake kuna alama kama =V= halafu FORGED IN U.S.A. Nimezitumia kwenye trekta, nimezipiga na nyundo, nimeziongezea bomba nipate nguvu, hazijafunguka mdomo. Hiyo V ni ya nani?

---

FundiWaChuma

Kaka, hizo ndizo hasa ninazozisema. V ni alama ya Moore Drop Forging wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Walikuwa wafuaji wakubwa wa spana na soketi za Craftsman kwa miongo mingi. Utaikuta V peke yake, utaikuta =V= yenye vistari kila upande, utaikuta VV. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Moore walinunuliwa na Easco, na Easco baadaye wakaingia mikononi mwa Danaher. Chuma kiliendelea kufuliwa Marekani muda mrefu baada ya hapo.

Alama nyingine ya kuijua ni WF. Huyo ni Western Forge wa Colorado Springs, aliyeanza katikati ya miaka ya 1960. Bisibisi nyingi za Craftsman zenye mpini wa plastiki inayopitisha mwanga ni zake, pamoja na plaizi na spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo). Nyundo za Craftsman nyingi zilitoka kwa Vaughan & Bushnell wa Illinois, na ukiilinganisha nyundo ya Craftsman ya zamani na Vaughan ya umri ule ule utaona ni ndugu wa tumbo moja.

Ukikuta neno VANADIUM karibu na jina Craftsman, mara nyingi ni zana ya miaka ya 1930 au 1940. Vanadiamu ni madini wanayochanganya kwenye chuma pamoja na kromu ili spana iwe ngumu bila kuwa rahisi kukatika. Leo spana karibu zote zimeandikwa chrome vanadium hata za bei ya chini kabisa, kwa hiyo maandishi hayo yamepoteza uzito. Wakati ule yalikuwa na maana.

Hilo la kuongezea bomba, kaka, naomba uliache. Spana ya Moore ikivumilia mara kumi haimaanishi itavumilia ya kumi na moja, na ikikatika ukiwa umeilalia kwa kifua, unaumia vibaya. Nati iliyogoma ipashe moto nati yenyewe, au iloweke mafuta usiku kucha. Na spana usiigusishe moto. Ugumu wake uliwekwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukiipasha kwa gesi mpaka iwe nyekundu, umeirudisha kuwa chuma cha kawaida.

---

DadaSeremala

Kaka FundiWaChuma, wewe umekaa kwenye spana tu. Sisi wa mbao hatumo? Mimi nina karakana Arusha, nafanya milango na makabati. Shemeji yangu aliniletea randa kutoka Marekani, kisu kimeandikwa Craftsman, mwili hauna jina lolote. Inaranda vizuri kuliko mpya niliyonunua hapa mjini, ambayo kitako chake kinacheza. Nataka kujua ni ya nani ili nitafute visu vya akiba.

---

FundiWaChuma

Dada, samahani, na asante kwa kunisukuma, maana kwenye randa ndiko zana hizi zilikowapendelea wanunuzi zaidi.

Randa nyingi za Craftsman, Dunlap, Fulton na za Ward zilitoka kwa wale wale watatu waliokuwa wakitengeneza randa zao wenyewe: Stanley wa New Britain, Sargent wa New Haven, wote wa Connecticut, na Millers Falls wa Massachusetts. Randa ya chuma ya Stanley namba 4, ile ya kulainisha, ina urefu wa inchi 9 hivi. Namba 5, ya kazi ya jumla, ni inchi 14. Za dukani zilifuata vipimo hivyo hivyo kwa sababu kila seremala alishavizoea.

Kumtambua mtengenezaji, ondoa kisu uangalie chini yake. Tazama kile kijiti kinachosogeza kisu kushoto na kulia. Kwa Sargent mara nyingi ni kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa na kusokotwa, ukishakiona mara moja hukisahau. Kwa Stanley kimeungwa kwa vipande. Millers Falls za daraja la juu zina kibano cha kisu chenye vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, kinagusa kisu sehemu tatu badala ya mbili.

Kuhusu visu vya akiba: randa za ukubwa huo kwa kawaida hutumia kisu cha upana wa inchi 2, na kisu cha Stanley cha upana huo mara nyingi kinaingia. Pima kwanza, na uangalie kama tundu la kisu na kile kibati cha juu yake vinakaa sawa na skrubu ya kurekebisha. Usinunue kwa kuangalia jina.

Sasa tahadhari. Siyo kila randa ya duka ni nzuri. Za daraja la chini, hasa baadhi ya Dunlap, zina kitako cha kisu cha bati lililokunjwa badala ya chuma cha kusubu kilichosawazishwa. Kisu kikigonga fundo la mbao kinatetemeka, na unabaki na mistari kwenye ubao. Yako isiyotetemeka ni ya daraja la juu, ishike.

Kwa misumeno ya mkono, ukiona kifungo cha shaba kwenye mpini kimeandikwa WARRANTED SUPERIOR, bila jina la kampuni, hiyo ni misumeno iliyouzwa na maduka na wauzaji wa jumla wa kila aina. Ubora unapanda na kushuka. Pinda bapa taratibu, likirudi likiwa limenyooka kabisa ni dalili nzuri. Sears walikuwa na neno Kromedge kwenye misumeno na patasi zao za juu.

---

MjomboWaPwani

Nami niweke langu kuhusu kutu, maana huku Mombasa chuma hakilali salama, hewa yenyewe ina chumvi. Zana za mtumba zikifika kwa kontena huwa zimevaa koti la kutu, na vijana wanazikimbilia na msasa wa mashine. Wanamaliza kutu, wanamaliza na maandishi yale yale bwana huyu anayotufundisha kusoma.

Njia yangu ni umeme na magadi. Beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia vijiko kadhaa. Nondo kuukuu inafungwa kwenye upande chanya wa chaja ya betri ya gari, zana kwenye upande hasi, visigusane. Unawasha, unaona mapovu. Baada ya saa kadhaa kutu inageuka tope jeusi, unasugua kwa brashi, unasuuza, unakausha hapo hapo na kupaka mafuta. Chuma kizima hakiliwi hata kidogo. Magadi ya sokoni huwa na chumvi ndani yake, kwa hiyo suuza sana. Fanyeni nje, mapovu yale yana haidrojeni, inashika moto. Na msitumie kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, maji yanaingia sumu ya kromu.

Siki nayo inafaa kwa randa na patasi, usiku mmoja tu. Kwa spana zenye kromu iliyoanza kubanduka msiitumie, inapenya chini ya kromu na kuinyanyua yote.

---

FundiWaChuma

Mzee wangu, shikamoo. Maelezo hayo yanatosha kabisa, na mimi niongeze jambo moja tu la hatari.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilibana matumizi ya kromu na nikeli kwa sababu zilihitajika jeshini. Kwa hiyo zana nyingi za miaka ya vita hazing'ai. Nyingine ziliachwa nyeusi, nyingine zilipakwa kadimiamu, rangi yake ni kijivu kilichofifia au yenye umanjano kidogo. Kadimiamu ni sumu. Zana yenye rangi hiyo msiipige msasa, msiipashe moto, msiivute vumbi lake. Ifuteni kwa kitambaa chenye mafuta na muitumie ilivyo.

---

Kijana_wa_Isuzu

Wakuu, mimi nina swali la pesa. Ndugu yangu yupo Texas, anataka kunitumia sanduku zima la Craftsman. Lakini si ni za inchi? Gari zetu huku ni Toyota na Isuzu, milimita tupu. Nitafanyia nini?

---

FundiWaChuma

Swali la msingi kabisa, na wengi wanaumia hapa.

Za zamani nyingi ni za inchi, kweli. Baadhi zinakaribiana na milimita kiasi cha kutumika: 5/16 ni mm 7.94, 3/4 ni mm 19.05, 7/16 ni mm 11.11, 5/8 ni mm 15.88, 15/16 ni mm 23.81. Hapo spana ya 3/4 kwenye nati ya 19 haina tatizo. Lakini 1/2 ni mm 12.7, haiingii kwenye nati ya 13. Na 9/16 ni mm 14.29, inaingia kwenye nati ya 14 ikiwa inacheza, na kwa nati iliyokaza utaivunja kona zake zote. Usijaribu.

Ila usikatae sanduku. Kwanza, racheti na viunganishi vyake. Ule mraba wa kuchomekea soketi ni 1/4, 3/8 au 1/2 inchi dunia nzima, hata soketi ziwe za milimita. Kwa hiyo racheti ya Moore ya mwaka 1960 inashika soketi za milimita ulizonunua Kariakoo bila shida. Pili, bisibisi, plaizi, nyundo, patasi, jiriwa havina habari ya inchi. Tatu, Massey Ferguson 135 zinazolima vijijini kwetu zina boliti za inchi, na Land Rover za zamani zina nyingi pia. Mafundi wa matrekta wanazihangaikia spana hizo, wanaishia kutumia milimita zinazokaribiana na kuharibu boliti. Ukiwa na seti kamili ya inchi kwenye mji wenye matrekta, una kazi.

Mwambie ndugu yako apake mafuta mazito au grisi kila kitu kabla ya kufunga, azungushie karatasi, asifunge kwenye plastiki yenye unyevu ndani.

---

Msomi_wa_Racheti

Kwenye racheti kuna hadithi nzito ambayo naona haijulikani, naomba niiweke.

Ile racheti yenye kitufe mgongoni, ukibonyeza soketi inadondoka yenyewe, ilibuniwa na kijana wa miaka 18, Peter Roberts, karani wa duka la Sears huko Gardner, Massachusetts. Alikuwa muuzaji tu. Alichoka kuona mtu mwenye mikono ya mafuta anahangaika kuchomoa soketi kwa mikono miwili. Akatengeneza mfano wake, hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu wake, ikatoka mwaka 1965.

Sears wakamwambia kitu chake hakina thamani kubwa. Wakamnunulia haki zote kwa senti 2 kwa kila racheti, mwisho dola 10,000, haizidi hapo. Wakati huo huo wao walishaona ndani ya kampuni kwamba itauzika sana. Kufikia wakati kesi inafika mahakama ya rufani walishauza takriban racheti milioni 19, faida zaidi ya dola milioni 44.

Roberts alifungua kesi mwishoni mwa 1969. Mwaka 1977 jopo la wananchi mahakamani lilimpa dola milioni 1 kwa sababu alidanganywa, na mwaka 1978 mahakama ya rufani ikakubali kwamba alidanganywa. Mvutano kuhusu hataza ukaendelea miaka mingine zaidi ya kumi, hadi wakapatana 1989. Kijana alianza akiwa na miaka 18, akamaliza akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

Naheshimu zana za Craftsman, nina kadhaa. Lakini nikibonyeza kile kitufe namkumbuka Roberts, na nadhani kila mwenye racheti hiyo alijue jina lake.

---

FundiWaChuma

Asante sana mkuu, hii imeongeza uzito kwenye uzi. Na kwa wanaokadiria umri wa zana: racheti ya Craftsman yenye kitufe hicho ni ya miaka ya 1960 kuja mbele. Isiyo nacho huenda ni ya kabla.

---

Mhandisi_K

Tusipambe sana, wakuu. Mimi natumia zana kazini kila siku. Racheti mpya za Taiwan zina meno 72 au 90, unafanya kazi kwenye upenyo mdogo wa injini. Hizo za wazee meno machache, unahitaji nafasi ya kuzungusha mkono. Soketi za kisasa zimetengenezwa zisishike kona za nati, zinashika ubavu. Chuma cha kisasa nacho kinapimwa kwa mashine. Zana ni za kazi, kama ni ukumbusho tuweke makumbusho.

---

FundiWaChuma

Mkuu, kwenye racheti nakubaliana nawe. Hesabu ni rahisi: meno 36 ni nyuzi 10 za duara kwa kila jino, meno 72 ni nyuzi 5. Kwenye injini za sasa zilizobanana nyuzi 5 ndizo zinazokuokoa. Mimi mwenyewe kazini natumia mpya yenye meno mengi, na hii ya zamani naitumia pale penye nafasi na nguvu kubwa.

Lakini naomba tutazame kwa nini zile zilidumu, kwa sababu jibu halipo kwenye chuma peke yake. Craftsman za mkono ziliuzwa kwa dhamana ya maisha. Ikivunjika, rudisha dukani, unapewa nyingine, bila risiti na bila kuulizwa ulinunua lini. Sasa jiweke kwenye nafasi ya Sears. Umeuza spana milioni kadhaa na umeahidi kubadilisha kila moja itakayovunjika, milele. Ukiagiza spana dhaifu kwa Moore, hasara inarudi mezani kwako. Kwa hiyo mnunuzi wa Sears alikuwa mkali kwa kiwanda kuliko mteja mwenyewe. Dhamana ndiyo iliyokuwa inashika ubora.

Ahadi hiyo inafanya kazi kama mwenye duka anatarajia kuwepo miaka 30 ijayo. Montgomery Ward walitangaza kufunga Desemba 2000. Sears waliacha katalogi yao kubwa mwaka 1993, wakaungana na Kmart 2005, na uzalishaji wa zana nyingi za mkono ukahamia Asia katika miaka ya 2010 hivi. Mwaka 2017 waliuza jina Craftsman kwa Stanley Black & Decker. Malipo yalikuwa dola milioni 525 mwanzoni, milioni 250 baada ya miaka mitatu, na mgawo wa mauzo kwa miaka 15. Oktoba 2018 Sears wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Linganisha na zile dola 500 za mwaka 1927 mwone jina hilo lilikuwa limekusanya imani kiasi gani, na imani ile ilifuliwa na watu wa Springfield na Colorado Springs ambao majina yao hayapo kwenye spana.

Stanley walijaribu kuirudisha kazi Marekani. Mwaka 2019 walitangaza kiwanda Fort Worth, Texas, cha dola milioni 90 na ajira 500, kitumie mashine zinazojiendesha. Machi 2023 wakatangaza kukifunga. Nilisikitika sana siku ile. Nilitaka kifanikiwe.

---

DadaSeremala

Kwa hiyo hiyo dhamana ya maisha bado ipo? Mtu akiwa na spana ya zamani imevunjika?

---

FundiWaChuma

Dada, Stanley Black & Decker waliirithi dhamana ya zana za mkono pamoja na jina. Ila fahamu kwamba utakayopewa ni ya leo, siyo ya Moore. Racheti ya zamani inayoruka meno usiikimbize dukani. Ifungue, isafishe grisi iliyoganda. Mara nyingi ni springi ndogo tu imechoka au uchafu umeziba kile kipande kinachoshika meno. Mafuta mepesi, ifunge, itaendelea na kazi.

---

MtotoWaGerezani

La mwisho kutoka kwangu mkuu. Nimepata bisibisi mbili za Craftsman, mpini wa plastiki ya kupitisha mwanga. Zina utando mweupe na harufu mbaya sana, kama matapishi. Zimeoza au vipi? Nimezitenga nje.

---

FundiWaChuma

Hazijaoza, zirudishe ndani. Mipini hiyo ni ya plastiki iliyotengenezwa kutokana na selulosi, na ikizeeka kwenye sanduku lililofungwa inatoa asidi yenye harufu hiyo. Ule utando mweupe ni jambo hilo hilo. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha vizuri, zianike kivulini penye upepo siku kadhaa. Usitumie petroli wala thina, zitaila plastiki. Baada ya hapo zitundike ukutani badala ya kuzifungia kwenye sanduku, harufu haitarudi haraka.

Halafu angalia karibu na jina uone kama kuna WF, uweke picha hapa tuione.